Peke yako barabarani mpaka Umwe

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Rufiji kuitafuta asili yake, yeye na gari lake tu, huwa na maswali haya.

Babu yangu ni mtu wa Umwe, lakini mimi sijawahi kufika. Nianzie wapi?

Anza kwa kuulizia shamba, nyumba baadaye. Mto Rufiji ulifurika vibaya mwaka 1968, na mwaka uliofuata Serikali ikaanza kuwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya mwinukoni katika Operesheni Rufiji. Ikwiriri, ambako ndiko iliko Umwe, ilipokea wengi. Kwa hiyo nyumba utakayoonyeshwa karibu na barabara huenda ni changa kuliko baba yako. Alikozaliwa babu kunaweza kuwa bondeni, na alama yake ni miembe: ukiona miembe mikongwe imesimama pamoja katikati ya mashamba, jua palikuwa na kaya. Mwombe mzee wa ukoo akutajie jina la mahali penyewe na makaburi yaliko. Liandike hapohapo. Inaniuma kuona vijana wanarudi mjini na picha ya nyumba ya bati, wakidhani wameshaiona asili yao.

Naweza kwenda mwenyewe huko mashambani?

Nenda na ndugu. Msimu wa kilimo utawakuta watu kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Ukipanda ngazi ya miti unakanyaga sakafu ya fito, na kutoka pale mwenye shamba anamwona nguruwe mwitu kabla hajaingia kwenye mahindi. Mto ukijaa, maji yanapita chini. Piga hodi ukiwa bado chini.

Niende mwezi gani?

Masika yakishaisha. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliharibu nyumba na mashamba mengi Rufiji na Kibiti. Lami inafika Ikwiriri na kuendelea mpaka Lindi. Taabu iko kwenye njia za udongo. Kuanzia Juni utakuta bondeni kilimo cha mlau, mazao yanayostawi kwa unyevu ulioachwa na mto. Anayependa embe na korosho aende Novemba.

Mimi ni mwanamke. Watanionaje nikifika peke yangu?

Watakuuliza wewe ni wa nani. Ukishaamkia shikamoo na kutaja jina la babu, utapata shangazi na wajomba kabla hujashusha mzigo. Usiende mikono mitupu: sukari, sabuni na kanga vinatosha. Kama ndugu wengine wako Utete au Muhoro, vuka Daraja la Mkapa. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003 watu walisubiri kivuko Ndundu.

Hema nilipige wapi?

Usilipige bondeni wala kando ya mto. Kuna viboko na mamba, na kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 Rufiji. Piga uani kwa ndugu, ukishamjulisha mwenyekiti wa kitongoji. Wataona ajabu mgeni alale nje na kitanda kipo. Chumba kikatae kwa adabu, ila chakula usikikatae. Ukitaka kambi zenyewe, ziko Mloka, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous. Njia hiyo iendeshe mchana tu, maana tembo huvuka.

Na delta je?

Gari liache Nyamisati, bandari ya Kibiti ambako boti huondoka kwenda Mafia. Delta ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, na vyombo vya kwenda visiwani humo hufuata maji. Mwulize nahodha maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi, tena uulize habari ya kurudi kabla ya nauli. Maji yakipwa mkiwa ndani ya mlango wa mto, mtakaa kwenye tope mpaka yajae tena, kwa hiyo beba maji ya kunywa na kitu cha kujifunika jua.