Dondoo muhimu: Zamu imeisha, ajali iko mbele

Muuguzi ametoka zamu ya usiku Kisii mjini, yumo njiani kuelekea Nyamira, mara bodaboda imelala mtaroni. Asimame?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 7, inampa kila mtu haki ya matibabu ya dharura, hata kabla ya kufika hospitali. Ila faini yake, isiyozidi shilingi milioni 3, inailenga taasisi inayokataa kutibu ilhali ina uwezo. Anayerudi kwake hakutajwa humo. Inabaki kazi ya dhamiri.

Na ya macho. Barabara ya Kisii–Keroka ina kona na milima: gari liegeshwe mbali, taa za tahadhari ziwake. Lori la mafuta likipinduka, asilikaribie. Pale Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, moto uliwaua zaidi ya watu 100, wengi wao wakichota petroli.

Mkobani? Glavu jozi kadhaa, shashi, bendeji pana, mkasi, tochi, kizibao cha kung'aa gizani. Basi. Dripu na sindano zibaki wodini. Kuzibeba ni kujitafutia lawama.

Akifika, ambane mtu mmoja kwa kumwonyesha kidole: wewe, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999. Kisha akandamize jeraha linalovuja damu, na awazuie wenye haraka wasimnyanyue majeruhi kama mkungu wa ndizi. Ambulensi ikija, awaeleze wahudumu wake saa ya ajali na alichofanya, akanawe mikono.