Mwenye Shamba na Vibarua Wake Wakati wa Palizi

Ndugu wakulima wa Nkuhungu na vijiji vya jirani, mmekwisha kufundishwa habari za mbegu, samadi na nafasi ya kupandia. Leo nataka kunena habari za watu mnaowaajiri, maana mtama huharibika kwa ubaya wa mwenye shamba kama uharibikavyo kwa ukame.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili. Mwezi wa Januari majani huota pamoja na mtama, na shamba likichelewa palizi ya kwanza halipati tena nguvu yake yote. Mwezi huo huo ghala za watu wengi ni tupu. Basi mwenye akiba hutafuta mikono, na mwenye njaa hutafuta chakula. Lakini huyo kibarua naye ana shamba lake, na majani yake hayamngojei. Ukimweka kwako majuma matatu kwa kumcheleweshea ujira, mwakani atarudi kwako na njaa ile ile. Wako wanaoona jambo hilo kuwa faida. Mimi naliona kuwa hasara, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kuliinua jembe inavyotakiwa, na jirani aliyeharibikiwa hana sababu ya kukutunzia mimea yako.

Kwa hiyo ujira ulipwe siku ile ile, kazi ikiisha. Zamani katika mashamba ya mkonge mtu alipewa kipande cha siku 30, asipate ujira wake mpaka siku zote zimekwisha kuandikwa. Nyapara asiporidhika, siku ile haikuhesabiwa. Msiilete desturi hiyo katika eka zenu mbili. Wala msimkopeshe mtu debe moja la mtama mwezi wa Januari ili arudishe mawili wakati wa mavuno, kisha mkamwita kibarua. Mlipeni fedha; kama ataka nafaka, na ainunue kwenu kwa bei ya sokoni ya siku ile.

Sasa habari ya ngwe. Hapa mimi mwenyewe nalikosa nilipokuwa kijana. Nalipima ngwe kwa hatua zangu, thelathini kwa thelathini, penye udongo wa kichanga, na watu wakamaliza kabla ya saa sita. Siku ya pili nikapima vile vile penye udongo mweusi wa mbuga, nao ulikuwa umelowa, unanata jembeni kama ugali. Saa sita hakuna aliyefika nusu. Nikawahimiza kwa maneno makali, nami sikushika jembe. Ndipo wakamaliza upesi mno, nikafurahi. Baada ya mvua nyingine nikaona walivyofanya: walikuwa wameyafukia majani bila kuyakata mizizi, yakaota upya yote. Naliwakasirikia sana. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba kosa lilitoka katika hatua zangu.

Tangu hapo nalima kwanza mimi mwenyewe, alfajiri, katika udongo ule ule. Mahali nilipofika jua linapokuwa kali hunionyesha kiasi cha ngwe ya haki. Wazee wa Ugogo walijua hivyo. Aliyewaalika majirani kwa pombe ya mtama hakukaa kivulini, alilima pamoja nao. Tena bwana aliye shambani huweza kuonyesha kiduha kabla hakijatoa maua, kikang'olewa. Aliye nyumbani hukiona wakati mbegu zake zimekwisha kumwagika.

Hata mitambo haikuondoa haja ya watu. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa mwaka 1947, matrekta yaliletwa kwa wingi, na bado wafanya kazi waligoma mwaka ule ule. Kazi hiyo iliachwa mwaka 1951. Ukame na udongo mgumu ndivyo vilivyoiangusha zaidi, lakini mwenye matrekta mengi hivyo naye hakuweza kufanya kazi bila kusikiliza watu wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma, na mtu asifanye kazi zaidi ya saa tano mfululizo pasipo kupumzika saa moja. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Sidhani kwamba palizi yahitaji saa hizo zote; jua la Dodoma laweka mpaka wake mapema.

Mkubaliane ujira kabla jembe halijagusa udongo, mbele ya mtu wa tatu. Maji ya kunywa yawe karibu. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi yake mwacheni kibarua aende kwake kupanda, wala msimnung'unikie. Mwambieni siku ya kurudi, na mumwekee ngwe yake.