Dondoo muhimu: Bukavu hadi Kinshasa kwa ndege

• Umbali: Kutoka uwanja wa Kavumu, Bukavu, hadi uwanja wa N'djili, Kinshasa, ni takriban kilomita 1,500 angani. Jeti huhitaji saa 2 na dakika kadhaa. Ndege ya pangaboi huchukua muda zaidi.

• Saa: Kinshasa iko nyuma kwa saa 1. Saa 6 mchana Bukavu ni saa 5 asubuhi Kinshasa.

• Barabara: Kavumu uko kama kilomita 30 kaskazini mwa mji. Ondoka mapema.

• Usalama: Waasi wa M23 waliuteka uwanja wa Kavumu Februari 2025, na safari za kawaida za abiria zikasimama. Kama mbadala, ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Rwanda, kuna uwanja wa Kamembe.

Usilipe tiketi kabla ya kuthibitisha uwanja na hali ya mpaka.