KUTHUBUTU SI KUBAHATISHA



Hapa kwetu Sokon I mtu akitaka kuchukua mkopo wa pikipiki husema, "Ngoja nibahatishe." Mwenzake, kwa jambo lile lile, husema amethubutu. Tunayatumia maneno haya kana kwamba ni mapacha, kumbe hayakutoka tumbo moja.

Kubahatisha kumetokana na bahati, neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Waarabu. Asili yake ni fungu ambalo mtu amegawiwa. Basi anayebahatisha anangoja kugawiwa tu, kama kijana aliyekodolea macho mkeka wake wa kubeti.

Hatari nayo ni ya Kiarabu. (Wazee watakumbuka filamu ya Kimarekani yenye jina hilo, iliyotoka mwaka 1962, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa huku kwetu Momella, chini ya Meru.) Kwa Waarabu wa kale neno hilo halikuwa balaa peke yake, lilikuwa pia dau, yaani ile mali wanayoiweka washindanao. Hapo ndipo tunapopaswa kutulia. Penye hatari pana kitu kilichowekwa, na kitu hicho kina mwenyewe. Mara ngapi baba ameweka rehani hati ya kiwanja, na mama wa watoto akaja kuambiwa siku ya kudaiwa? Dau lilikuwa la nani?

Kuthubutu kuna mzizi mmoja na thabiti na thibitisha. Zamani kulimaanisha pia kuwa na hakika, au jambo kuthibitika. Kwa hiyo mwenye kuthubutu kwanza amesimama imara, ndipo anyanyue mguu. Mkulima wa miteremko ya Meru anayepanda mahindi mwezi Machi, udongo ungali mkavu, anajua mvua yaweza kuchelewa. Lakini ameihesabu miaka iliyopita, na nyumbani amebakiza mbegu za kurudia. Huyo habahatishi.

Mtume Paulo alitafuta neno la namna hii alipomsifu Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia kifungoni akaugua karibu kufa (Wafilipi 2:25-30). Katika Kiyunani alitumia neno lililotokana na kitenzi cha "kutupa kando", ambacho Wayunani walikitumia hata kwa kuweka dau. Epafrodito aliweka uhai wake mwenyewe, wala si wa jirani, na kazi aliyotumwa aliijua.

Baadaye, huko Alexandria, walikuwapo watu wa Kanisa waliohudumia wagonjwa, nao waliitwa parabolani, jina la mzizi uo huo. Walikuwa wengi, na nyakati nyingine wakorofi, hata sheria ya Kaisari ya mwaka 416 ikaagiza wasizidi 500. Miaka miwili baadaye wakaruhusiwa 600.