Kisanduku Kilichokaa Rafuni: Somo Kutoka Majimbo ya Marekani

Wanachuo wenzangu, mwezi Agosti 2009 watu wa ofisi ya mwendesha mashtaka waliingia kwenye ghala moja la polisi jijini Detroit, jimbo la Michigan, nchini Marekani. Wakakuta visanduku vimepangwa kwenye rafu, mstari kwa mstari. Vilipohesabiwa vikawa 11,341. Kila kimoja kilibeba ushahidi uliochukuliwa mwilini mwa mtu aliyeripoti kubakwa, na vingi havikuwahi kufika maabara. Vingine vilikuwa vimekaa humo miaka mingi.

Habari hii nimeisoma muhula huu kwa ajili ya semina yetu ya sheria ya ushahidi. Nimeileta hapa kwa sababu haituhusu sisi wa sheria peke yetu. Anayesoma uuguzi yumo, wa maabara yumo, wa TEHAMA yumo, na wa utawala wa umma ndiye yumo zaidi. Hoja yangu ni moja tu: visanduku vile vilikaa rafuni kwa sababu kila ofisi ilikuwa na hiari ya kuvipeleka au kuviacha, na hakuna aliyeulizwa vilipobaki. Mambo yalianza kubadilika pale majimbo yalipoiondoa hiari hiyo kwa kuweka hesabu, tarehe na mtu wa kujibu.

Kisanduku chenyewe ni nini?

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi tunakisikia kwenye filamu tu. Ni kisanduku cha karatasi ngumu. Ndani kuna vijiti vya pamba, bahasha, vitana, mifuko ya karatasi ya kuwekea nguo, na fomu. Manusura akifika hospitali, muuguzi au daktari humpima hatua kwa hatua: huchukua sampuli kinywani, chini ya kucha, kwenye ngozi na sehemu za siri, huandika majeraha na kuyapiga picha. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na inamlazimu mtu aliyetoka kuumizwa aguswe tena palepale alipoumizwa. Anakubali kwa sababu ameambiwa kwamba itasaidia.

Baada ya hapo kisanduku hufungwa kwa lakiri na kutiwa saini. Kila mkono unaokipokea lazima uandikwe, ili mahakamani mtu asije kudai kwamba kimechezewa njiani.

Utaratibu huu ulizaliwa Chicago miaka ya 1970. Mwanamke aitwaye Martha Goddard aliona kwamba hospitali zilikuwa zikikusanya ushahidi ovyo: nguo zinachanganywa, sampuli hazina majina, kesi zinakufa. Akafanya kazi na polisi, akiwemo sajini Louis Vitullo, na mwaka 1978 hospitali za eneo la Chicago zikaanza kutumia kisanduku cha aina moja. Kwa miaka mingi kiliitwa kwa jina la Vitullo. Jina la Goddard lilikuja kukumbukwa baadaye sana.

Enzi hizo hapakuwa na kipimo cha DNA. Kipimo hicho kilipokuja, thamani ya kisanduku ilipanda mno, kwa sababu wasifu wa vinasaba unaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya taifa inayosimamiwa na FBI. Humo unalinganishwa na wasifu wa watu waliowahi kuhukumiwa na wa sampuli zilizotoka kwenye matukio mengine. Kisanduku cha Detroit kinaweza kuzungumza na kesi ya Ohio. Kikibaki ghalani, hakizungumzi na mtu.

Kwa nini vilikaa?

Jibu la kwanza ni fedha. Kupima kisanduku kimoja kumekuwa kukigharimu takriban dola 1,000 hadi 1,500, na Detroit ilikuwa na hali mbaya kifedha. Maabara ya polisi ya jiji hilo ilifungwa mwaka 2008 baada ya ukaguzi kuonyesha makosa katika vipimo vya silaha.

Lakini fedha peke yake haitoshi kueleza. Profesa Rebecca Campbell wa Michigan State University na wenzake waliuchunguza mrundikano wa Detroit, na pamoja na uhaba wa watu na vifaa walikuta jambo jingine kwenye mafaili: polisi wengi hawakuwaamini waliolalamika. Kama mlalamikaji alikuwa maskini, au alikunywa, au alimjua mtuhumiwa, au alisitasita kueleza, faili lilifungwa mapema na kisanduku kikaenda rafuni. Yaani mpelelezi aliamua kesi kabla ya maabara, kabla ya mwendesha mashtaka na kabla ya hakimu.

Sababu iliyotajwa mara nyingi ni kwamba "mtuhumiwa anafahamika, kuna haja gani ya kupima?" Hoja hii inaonekana ya busara hadi ukumbuke ile kanzidata. Mtu anayefahamika katika kesi moja anaweza kuwa asiyefahamika katika kesi nyingine tatu. Visanduku vya Detroit vilipopimwa, chini ya msukumo wa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Wayne, Kym Worthy, vilionyesha washukiwa zaidi ya 800 wanaohusishwa na ubakaji zaidi ya mmoja. Fikiria maana yake: wakati kisanduku kinakula vumbi, mhusika yuko mtaani, na aliyeumizwa baadaye pengine asingeumizwa.

Majimbo yalifanya nini?

Marekani polisi wengi wako chini ya miji na kaunti, na sheria za jinai nyingi ni za majimbo. Ndiyo maana mabunge ya majimbo ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya kazi hii. Nimeipanga kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Huwezi kumaliza usichokijua idadi yake. Texas ilipitisha sheria mwaka 2011 ikivitaka vyombo vya polisi kutoa hesabu ya visanduku visivyopimwa. Ohio ilianza kwa njia nyingine: mwaka huohuo mwanasheria mkuu wa jimbo, Mike DeWine, aliwaambia polisi wa jimbo zima walete visanduku vya zamani vipimwe bila malipo. Hadi kazi hiyo ilipokamilika mwaka 2018, karibu visanduku 14,000 vilikuwa vimepimwa, na zaidi ya mara 5,000 kanzidata ilitoa jibu linalolingana.

Hatua ya pili ni tarehe. Illinois ilitangulia mwaka 2010 kwa sheria inayowataka polisi wapeleke kisanduku maabara ndani ya siku 10 za kazi. Michigan, baada ya aibu ya Detroit, ilitunga yake mwaka 2014: hospitali iwajulishe polisi ndani ya saa 24, polisi wakichukue kisanduku ndani ya siku 14, wakifikishe maabara ndani ya siku 14 nyingine, na maabara ikipime ndani ya siku 90. Angalia jinsi sheria hiyo ilivyogawa safari. Kila ofisi ina kipande chake na saa yake, hivyo kikikwama unajua mlango wa kugonga.

Hatua ya tatu ni kufuatilia. Ukituma mzigo kwa basi kutoka Mwanza kwenda Dar unapewa risiti, na unaweza kupiga simu kuuliza umefika wapi. Manusura hakuwa na hata hilo. Idaho, jimbo dogo kwa idadi ya watu, ilipitisha sheria mwaka 2016, na watu wa maabara ya polisi wa jimbo wakatengeneza mfumo wa kompyuta ambao manusura anaingiza namba ya kisanduku chake na kuona kiko hospitali, polisi au maabara. Kisha wakautoa programu hiyo bure kwa majimbo mengine. Wa TEHAMA, hapo mmeona kazi yenu.

Hatua ya nne ni haki ya manusura mwenyewe. Amanda Nguyen, aliyebakwa akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Massachusetts, aligundua kwamba ushahidi wake ungeweza kuharibiwa baada ya miezi sita asipoomba uongezewe muda. Kila miezi sita aombe tena! Akaanzisha kampeni, na Oktoba 2016 Rais Barack Obama akasaini sheria ya shirikisho inayompa manusura haki ya kutotozwa gharama za uchunguzi, kisanduku kutunzwa hadi miaka 20 au hadi muda wa kushtaki uishe, kuelezwa matokeo, na kupewa taarifa siku 60 kabla ya kuharibiwa, akiiomba kwa maandishi. Sheria ya shirikisho haizifungi kesi za majimbo moja kwa moja, lakini majimbo mengi yalitunga za kwao yakifuata mkondo huo.

Pale sheria inapoishia

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Kupima siyo kushtaki. Houston walimaliza mrundikano wa visanduku takriban 6,600 mwanzoni mwa 2015. Kanzidata ikatoa majibu 850 yanayolingana, lakini walioshtakiwa kufikia wakati huo walikuwa 29. Baada ya miaka mingi, mashahidi wamehama, mafaili yamepotea, wapelelezi wamestaafu, na manusura wengine hawataki tena kufukua yaliyowauma.

Halafu kuna muda wa kushtaki kuisha. Huko Texas, Lavinia Masters alibakwa mwaka 1985 akiwa na miaka 13. Kisanduku chake kilipimwa miaka 20 baadaye, mhusika akajulikana, lakini muda wa kumshtaki kwa kosa hilo ulikuwa umeshapita. Sheria ya Texas ya mwaka 2019, inayozitaka maabara zipime ndani ya siku 90, inaitwa kwa jina lake. Sheria imebeba jina lake. Kesi yake mwenyewe haikuwezekana.

Pia soma sheria hizi hadi mwisho wa sentensi. Ile ya Michigan inasema maabara itapima ndani ya siku 90 endapo kuna watumishi na rasilimali za kutosha. Kifungu kama hicho kinairudisha hiari kwa mlango wa nyuma: bajeti ikikatwa, tarehe inalala. Anayetunga sheria ya aina hii bila kutenga fedha ametoa ushauri.

La mwisho ni uaminifu. Mwaka 2022 ilibainika kwamba huko San Francisco mwanamke mmoja alihusishwa na kosa la mali kupitia vinasaba alivyotoa kama manusura miaka kadhaa nyuma. Jimbo la California likapitisha sheria mwaka huohuo kupiga marufuku matumizi ya namna hiyo. Na ilibidi. Nani atakubali kupimwa kama mwili wake unaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yake?

Sisi tunabaki na nini?

Tanzania siyo Marekani, na sikusudii kuhamisha sheria ya Idaho kuileta hapa. Kwetu tunaijua fomu ya PF3, tuna madawati ya jinsia polisi, tuna Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kuna hospitali zenye vituo vya mkono kwa mkono. Jina hilo la mkono kwa mkono nalipenda, kwa sababu linasema kilekile ambacho majimbo yale yalijifunza kwa kuchelewa: ushahidi haufiki wenyewe, lazima kila mkono umkabidhi mwenzake na ajulikane.

Wakati tunajadili sheria, kuna mambo ambayo kila mwanachuo anapaswa kuyajua leo. Likimkuta rafiki yako, mpeleke kituo cha afya mapema, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzishwa ndani ya muda huo. Akiweza, asioge na asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu unaoharibu sampuli. Kama ameshaoga, aende vilevile. Matibabu ni yake na ushahidi huenda bado upo. Usimhoji kama polisi. Kaa naye, na andika tarehe, saa na jina la kila aliyepokea kitu.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi:

1. Sampuli ikichukuliwa hospitali iliyo karibu na chuo chetu, nani anaipeleka maabara, na kwa muda gani? Waulizeni wahusika, msikisie.

2. Manusura akitaka kujua sampuli yake imefika wapi, anampigia nani? Kama jibu ni "inategemea", hiyo tayari ni rafu ya Detroit.

3. Kama kamati ya chuo ya kupokea malalamiko ya ukatili wa kijinsia ingetunga utaratibu wake, ungeweka tarehe gani, na nani awajibike ikipita?

Swali la tatu ndilo ningependa serikali ya wanafunzi ilibebe muhula ujao. Halihitaji bunge wala bajeti ya maabara. Linahitaji ukurasa mmoja wenye majina, tarehe na saini.