Bustani ya Ukutani: Somo kwa Mfanyakazi Asiye na Shamba



Mwenzetu wa Nabuyoga anayefanya kazi Tororo mjini ameliacha shamba nyumbani. Hapa amepanga chumba kimoja chenye ua wa hatua tatu, na kila jioni hununua mboga kwa pesa taslimu. Wenzetu wa mashamba ya miwa ya Busia wanaoishi kambini wanaijua hali hiyo. Somo letu la leo ni kulima kwa kwenda juu, kando ya ukuta.

Njia hii imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia wakazi wa Kibera, Nairobi, kupanda mboga katika magunia.

Vifaa: gunia la kilo 50, udongo mweusi, samadi iliyooza, mawe madogo, mkebe usio na kitako, kamba na misumari.

1. Changanya udongo sehemu mbili na samadi sehemu moja.

2. Simamisha gunia mguu mmoja kutoka ukutani, maana unyevu huharibu ukuta wa udongo. Weka mkebe katikati, ujaze mawe. Jaza udongo kuuzunguka, kisha vuta mkebe juu, mawe yabaki. Rudia mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo juu kutalowa na chini kutakauka.

3. Mwagilia, ungoje siku mbili udongo utulie. Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, shibiri moja kati ya tundu na tundu. Panda miche ya sukuma wiki. Juu panda vitunguu.

4. Kati ya gunia na ukuta panda nderema. Kata vipande vya shina vyenye vifundo vitatu, ufukie viwili. Funga kamba kutoka chini hadi misumari ya juu ili itambae. Majani yake ni manene, yana maji mengi na utelezi, nayo yakifunika ukuta hukinga jua la alasiri.

5. Mwaga maji juu ya mawe asubuhi au jioni. Maji ya kuoshea mboga yanafaa. Ya sabuni nyingi hayafai. Anza mvua za Machi, ili mimea iwe na mizizi imara kabla ya kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Tahadhari! Usitumie kamwe gunia lililobeba dawa ya wadudu au mbegu zilizotiwa dawa. Gunia la saruji la plastiki lioshwe mara kadhaa. Usipande mnyaa karibu na watoto: utomvu wake ukiingia jichoni huumiza vibaya, hata kuzuia kuona kwa muda. Mwenye vumbi la kiwanda mlangoni aoshe majani vizuri kabla ya kupika.

Sasa, ndugu, tusidanganyike. Bustani hii ni msaada wa sufuria, si badala ya mshahara. Kima cha chini kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili, lakini Rais hakuutia saini. Mwajiri akiona mboga zako akasema, "Kumbe mnashiba," mjibu kwamba gunia halilipi karo, kodi wala dawa. Jasho la bustani ni lako. Jasho la kiwandani lina bei yake, na bei hiyo hujadiliwa mezani.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Familia yako hutumia kiasi gani kwa mboga kila wiki?

2. Je, mkataba wetu unasema nini juu ya maji na ua katika nyumba za wafanyakazi?

3. Nani atatoa miche ya kwanza, na wanachama watagawana vipi?

Mwenye gunia moja amfundishe jirani yake. Umoja ni nguvu.