SOMO: JINSI YA KUCHAGUA MIKSA YA SAUTI YA TAWI



Tawi letu la mashamba ya chai limenunua miksa ya sauti mara mbili, na mara zote mbili tulikosea. Mimi ndimi niliyetia sahihi kwenye vocha, kwa hiyo katika somo hili simnyoshei kidole mtu mwingine. Fedha zilikuwa michango ya wanachama, shilingi za watu wanaoamka alfajiri kuchuma majani penye umande. Nawaandikia ili tawi lenu lisirudie makosa yetu.

Mara ya kwanza tulinunua chombo cha mtumba kwa bei rahisi. Tulikichomeka jioni ya kuamkia Mei Mosi. Kabla hatujahesabu kumi kilitoa moshi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi madogo: volti 100, umeme wa Japani. Hakuna aliyekuwa ameyasoma.

Mara ya pili tulinunua miksa mpya ya dijei, yenye taa nyingi. Dansi ilichezwa vizuri sana. Baadaye tukataka kurekodi mafunzo ya usalama kazini kwa wanachama wasiojua kusoma. Mama mmoja mchumaji alisimulia jinsi alivyoumia mkono, na kwaya ikapiga ngoma nyuma yake. Miksa ile ilikuwa na tundu moja tu la maikrofoni. Ngoma ikameza maneno yake. Mama yule amestaafu na kurudi kwao, na ushuhuda wake hatunao.

1. Miksa ni nini?

Fikirini kituo cha kupimia majani. Kila mchumaji analeta kapu lake, kila kapu linapimwa peke yake, kisha majani yote yanapakiwa katika lori moja kwenda kiwandani. Miksa hufanya kazi hiyohiyo. Kila sauti huingia kwa njia yake, hupimwa na kurekebishwa peke yake, kisha zote hutoka pamoja kwenda kwenye amplifaya na spika, au kwenye kompyuta ya kurekodia.

Kumbukeni jambo moja: majani yakishachanganyika ndani ya lori, hakuna awezaye kuyatenga tena. Tutalirudia jambo hili.

2. Kazi mbili, miksa mbili

Miksa ya dijei imetengenezwa kwa ajili ya kuunganisha wimbo na wimbo. Kwa kawaida ina njia 2 hadi 4, na kitelezo cha kuvusha sauti kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine. Ina pia namna ya kusikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni kabla watu hawajausikia. Lakini matundu ya maikrofoni ni moja au mawili tu.

Miksa ya kurekodia na ya mikutano ina matundu mengi ya maikrofoni. Kila njia ina kitufe cha kuzungusha cha kuongeza nguvu ya sauti inapoingia, vitufe vya besi na sauti nyembamba, na kitelezo cha kupandisha na kushusha. Kitelezo cha kuvushia nyimbo kwa kawaida hakimo.

Je, tawi lenye fedha za chombo kimoja lifanyeje? Ushauri wangu ni kununua ya pili. Dijei anaweza kupiga dansi kwa miksa ya kurekodia, akishusha njia moja na kupandisha nyingine, mradi iwe na kitufe cha kusikiliza kila njia kwenye hedifoni. Tena siku hizi madijei wengi huja na chombo chao cha kompyuta chenye miksa ndani yake. Lakini kwaya ya watu wanane hairekodiwi kwa miksa ya dijei yenye tundu moja.

3. Mambo matano ya kuangalia dukani

(a) Umeme. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa volti 220 hadi 240. Chombo cha Japani ni cha volti 100, na cha Marekani ni cha volti 120. Someni maandishi ya nyuma, na ya kwenye transfoma yake kama inayo. Kikiwa cha 100 au 120 peke yake, msikichomeke bila transfoma ya kushusha umeme.

(b) Hesabu ya njia. Namba iliyoandikwa kwenye boksi isiwadanganye. Miksa ya Yamaha MG10XU huitwa ya njia 10, lakini hupokea maikrofoni 4 tu. Njia zilizobaki ni za redio, simu, kinanda au kompyuta. Hesabuni kwa kidole matundu ya maikrofoni, yale ya duara yenye vitundu vitatu ndani.

(c) Aina ya sauti inayoingia. Maikrofoni hutoa umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu za volti moja. Simu au kompyuta hutoa mwingi kuliko huo. Ndiyo sababu matundu yake ni tofauti. Mwenye santuri aangalie zaidi: sindano ya santuri nayo hutoa umeme mdogo, na besi hupunguzwa wakati santuri inatengenezwa, kwa hiyo lazima ipite kwenye tundu lake maalumu la kuirudisha. Ukiichomeka kwenye tundu la simu, sauti itakuwa nyembamba na dhaifu.

(d) Kitufe cha volti 48. Umeme huu hupanda kwenye waya kwenda kwenye maikrofoni za kondensa, zinazotumika sana studio. Bila umeme huo hazitoi sauti. Maikrofoni ya kawaida ya mkutano, kama Shure SM58, haihitaji.

(e) Namna ya kurekodi. Hapa ndipo lile lori linaporudi. Miksa nyingi zina waya wa USB wa kwenda kwenye kompyuta, lakini zinapeleka sauti zote zikiwa zimeshachanganywa katika mistari miwili, kushoto na kulia. Ngoma ikizidi siku ya kurekodi, imezidi milele. Nyingine hurekodi kila njia katika mstari wake, na kesho yake unaweza kuishusha ngoma na kuyaacha maneno. Mfano ni Zoom L-12, inayopokea maikrofoni 8 na kurekodi kwenye kadi bila kompyuta. Ulizeni muuzaji hivi: "Inarekodi mistari mingapi kwa wakati mmoja?" Akijibu kwamba ina USB, hajajibu swali.

Majina haya nimeyataja kama mifano tu. Hatumtangazii mtu biashara.

4. Kabla ya kulipa

Nendeni watu watatu: mweka hazina, mwanakwaya na mtu anayejua umeme. Chukueni maikrofoni yenu, waya wenu na hedifoni. Jaribuni kila tundu, moja moja. Telezesheni kila kitelezo. Kikikwaruza kwenye hedifoni, kimechakaa au kimeingia vumbi. Mmoja apaze sauti kama mkutanoni, mwingine aongeze nguvu mpaka taa nyekundu iwake, kisha airudishe chini kidogo. Sauti iliyorekodiwa ikiwa nyekundu hukatika, na haitengenezeki. Mwisho, dai risiti na uandike chombo katika daftari la mali ya tawi.

Bei rahisi isiwaharakishe. Rahisi ghali.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mwaka mmoja, tawi letu hupiga dansi mara ngapi, na hurekodi mara ngapi?
2. Kwaya yetu ikiimba na mtu akisimulia, tunahitaji matundu mangapi ya maikrofoni?
3. Ni mzee gani au mama gani anayekaribia kustaafu, ambaye ushuhuda wake haujarekodiwa?

Swali la tatu msiliache mpaka mpate chombo kizuri. Kama miksa haipo, mtu huyo aketi chumba kimya, mbali na ngoma, na simu ya mwanachama iwekwe karibu na mdomo wake. Kwaya inaweza kuimba siku nyingine.

Mshikamano daima.